Jezi ya Magesa

Jezi fupi haimfupishi mrefu. Ndivyo wanavyosema watu wa Mwagulanja, na vijana waliokuwa kwenye banda la kuonyesha mpira Jumamosi ile waliisikia methali hiyo kutoka kwa Bibi Milembe, aliyeisema bila kuinua macho kwenye ungo wake wa maharage.

Vijana walikuwa wakibishana tangu saa nane. Ilisemekana timu wanayoishabikia inataka kumsajili kiungo mmoja mrefu sana. Wengine walimtaka. Wengine walisema mtu wa kimo kile akae golini, au akaezeke nyumba za watu bila ngazi. Kijana mmoja aitwaye Sayi akainua gazeti lenye picha ya yule mchezaji.

"Mtazameni," alisema. "Hata jezi haimtoshi. Sasa yeye ataitosha timu?"

Wakacheka wote. Hapo ndipo bibi alipotoa neno lake, na kicheko kikapungua.

"Bibi, hiyo umeitunga sasa hivi?" Sayi aliuliza.

"Mimi nitunge wapi? Ilikuwepo kabla baba yako hajaota meno. Mpira wenu unaanza saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi muda upo. Sogeeni, na huyo aliyekaa kwenye kigoda changu aniachie." Akauweka ungo chini. "Methali hii haikuanzia mbali. Ilianzia hapa hapa, na ilianza hivi."

Kiwanda cha kuchambua pamba kilipokuwa bado kinanguruma mchana kutwa, Mwagulanja ilikuwa na timu iitwayo Marobota. Iliitwa hivyo kwa sababu wachezaji wake wengi walikuwa wapakiaji wa marobota ya pamba. Jezi zao hazikununuliwa dukani. Kila mwanzo wa msimu kiwanda kilitoa jora moja la kitambaa cha kijani, likapelekwa kwa fundi mmoja tu, mwanamke aitwaye Mbuke, aliyekuwa na cherehani ya kukanyaga kwenye baraza ya nyumba yake.

Mbuke alikuwa fundi kweli. Mtu akipita njiani yeye alishajua upana wa mabega yake. Kwa miaka tisa hakuna jezi hata moja iliyorudishwa kwake kwamba inabana au inapwaya. Na mumewe, Shigela, ndiye aliyekuwa nahodha wa Marobota na kiungo wao, namba nane mgongoni. Alikuwa mfupi, lakini mpira ukimfikia ulitulia miguuni pake kama ndama aliyemwona mama yake.

Kwa ajili hiyo watu walimwita Mbuke Mama Nane. Jumatatu baada ya timu kushinda, akifika kisimani, wanawake walisogeza ndoo zao. "Mpisheni Mama Nane, bwana wake jana katufurahisha." Naye alijibu, "Aa, jamani, acheni hayo, nitapanga foleni kama wengine," huku ndoo yake tayari iko mbele.

Hakuwa mwanamke mbaya. Hilo mliweke akilini. Alikuwa amezoea kupishwa, basi, na mtu aliyezoea kupishwa hudhani ile ndiyo njia yake.

Mwaka huo wa kumi alikuja kijana kutoka Ukerewe, jina lake Magesa, akaajiriwa kupakia marobota. Alikuwa mrefu hivi kwamba mlango wa ghala aliuinamia hatua mbili kabla hajaufikia. Jioni wapakiaji walipocheza mpira nyuma ya kiwanda, naye alicheza. Hazikupita wiki mbili habari zake zikafika kisimani.

"Mmemwona yule mgeni?" alisema Nyanzala, mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga uwanjani. "Juzi mpira ulimjia kifuani. Aliupokea, nikadhani kauweka kabatini."

"Heri," mwingine akadakia. "Shigela sasa atapumzika, na lile goti lake."

Lilisemwa kwa wema. Lakini lilimkaa Mbuke kooni kama mwiba wa samaki. Kweli mumewe alikuwa na goti. Usiku wa mechi alilikanda yeye mwenyewe kwa maji ya moto, lakini hakujua kama watu wengine wanalijua. Akatwika ndoo yake, akaondoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa akijisemea, "Atapumzika. Nani kawaambia amechoka?"

Baada ya siku chache viongozi wa timu walikaa kujadili kama Magesa asajiliwe. Walikaa kwenye baraza ya Mbuke, kama walivyozoea, kwa kuwa sanduku la jezi lilikuwa pale na benchi lilikuwa pale. Walikuwepo Mzee Luhende, mwenyekiti; Ndaki, katibu; Mwalimu Kasubi, aliyefundisha timu; na Shigela mwenyewe. Mbuke alikuwa kwenye cherehani akishona sare za shule. Mguu wake ulikuwa kwenye pedali, lakini masikio yake yalikuwa kwenye benchi.

"Mimi simkatai kijana," Ndaki alisema. "Nakataa urefu. Kiungo awe karibu na mpira. Huyu, mpira upo chini hapa Mwagulanja, macho yake yapo juu yanaangalia Bariadi."

"Kwa hiyo Machimbo waendelee kutupiga?" Mwalimu Kasubi alijibu. Machimbo ilikuwa timu ya wavunja kokoto wa jirani. "Kila mwaka ni yale yale. Kipa wao anaupiga juu, unapita vichwani kwetu kama ndege ya serikali, na sisi tunaupungia mkono. Nataka mtu wa kuushusha."

"Na akigeuka je? Mtu mrefu kugeuka ni sawa na lori la pamba kwenye uchochoro."

"Umemwona akigeuka?"

"Sijamwona. Lakini lori nimeliona."

Mzee Luhende alicheka mpaka ugoro ukamwagika kwenye goti lake. Mbuke naye alitabasamu, akampenda sana Ndaki siku ile. Kisha mzee akajifuta, akamgeukia Shigela.

"Nahodha, umekaa kimya. Mahali panapozungumzwa ni pako. Sema."

Pedali ilisimama.

Shigela alijikuna goti, akatazama barabarani. "Mleteni," alisema. "Mtu hapimwi kwa maneno ya barazani."

Mbuke alikanyaga kwa nguvu bila kuweka kitambaa sawa, na sindano ikakatika.

Sasa, Marobota walikuwa na desturi yao. Mchezaji wa majaribio hakuchezeshwa na fulana yake wala jezi ya kuazima. Alishonewa jezi yake kamili kabla hajagusa mpira. Waanzilishi walisema mtu aliyevaa cha kuazima hucheza kwa kuazima. Alipimwa, alishonewa, alicheza mechi moja mbele ya watu wote. Mechi ikiisha, kila mwanachama alikwenda kwa miguu yake: wanaomtaka walisimama kwenye goli la upande wa kiwanda, wasiomtaka kwenye goli la upande wa kisima. Hakukuwa na karatasi. Mguu wako ndio ulikuwa kura yako, na kila mtu aliuona.

"Mbuke, mwanangu," Mzee Luhende aliita, "utamshonea kijana. Kitambaa kipo?"

"Kipo, baba," Mbuke alijibu akitafuta sindano nyingine. "Ila kimebaki kidogo sana."

Katika sanduku lake la vitambaa, chini ya sare za shule, zilikuwepo yadi tano.

Magesa alikuja kupimwa siku ya Jumatano mchana. Alisimama chini ya baraza, kwa sababu juu yake kichwa kiligusa paa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Simama wima."

Mbuke alipanda juu ya kinu kilichofudikizwa ndipo akayafikia mabega. Alipima kifua, akapima mikono, akashusha futi kamba kutoka shingoni mpaka kiunoni. Ilikwenda na kwenda. Hakuwahi kuandika namba kubwa namna ile.

"Shemeji, samahani," Magesa alisema, akitazama mbele kama askari. "Niongezee kidogo kwa chini. Nguo zina tabia ya kunikimbia."

"Unacheza wapi?"

"Popote watakaponiweka. Ila nikiwa katikati ndiyo nauona uwanja wote." Akacheka kidogo. "Kaka Shigela naye anauona wote, sijui anauonaje na kile kimo. Nataka anifundishe."

Angesema vingine, labda mambo yangekuwa vingine. Lakini Mbuke alisikia neno moja tu, *katikati*, na alisikia *kile kimo*, na hayo mengine yakampita. Aliteremka kwenye kinu. "Njoo Jumamosi," alisema.

Jioni ile Shigela alirudi kutoka mazoezini akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikaa, akanyoosha mguu, na kabla Mbuke hajamwekea maji akaanza.

"Yule kijana, Mbuke! Nakuambia, pasi anaiona kabla sijaitoa. Leo nimempa moja vibaya, nikaona aibu, kumbe ameshafika."

"Kwa hiyo unafurahi."

"Nisifurahi kwa nini?"

"Anataka namba yako."

Shigela aliinama akafungua kamba za viatu, polepole, kamba moja moja. "Namba ni ya timu," alisema.

Mbuke aliona kama mume wake amewafungulia mlango wezi huku akiwashikia taa. Miaka tisa amemkanda goti. Miaka tisa ameshona ile nane kwa mkono, nyuzi mbili mbili ili isichanike. Leo mtu anakuja na miguu kama nguzo za simu, na mwenye nyumba mwenyewe anashangilia!

Alhamisi mchana aliitandaza nguo ya kijani mezani. Aliweka chaki mahali kipimo kilipoagiza. Alisimama akaitazama ile alama. Kisha mkono wake ukarudi juu, shubiri nzima na vidole vinne, ukaweka alama nyingine. Mkasi haukusita. Mikono nayo aliipunguza, iishie juu ya kiwiko. Akakaa kwenye cherehani, akashona.

Sikilizeni mahali alipokosea. Hakushona vibaya. Mikono ya fundi haikujua kushona vibaya. Ilikuwa imekatazwa na miaka. Pindo la jezi ile lilinyooka kama mstari wa daftari.

Jumamosi Magesa alikuja kuichukua. Mbuke alimpa ikiwa imekunjwa ndani ya gazeti.

"Usiifungue mpaka uwanjani," alimwambia. "Hapa ndiyo desturi."

Haikuwa desturi. Lakini mgeni atajuaje? Kijana aliipokea kwa mikono miwili.

"Asante, shemeji. Mimi ni wa sita kwetu. Tangu nizaliwe sijawahi kushonewa nguo, nimevaa zilizowaishia kaka zangu. Hii ni ya kwanza kupimwa kwa mwili wangu."

"Haya," Mbuke alisema. "Nenda salama." Akaingia ndani haraka, kama mtu aliyesikia chungu kinafurika, na hapakuwa na chungu jikoni.

Jumapili uwanja ulijaa. Machimbo ndio waliokuja kucheza nao. Mbuke alikaa mahali pake pa siku zote, kando ya wachezaji wa Marobota, na sanduku la jezi ubavuni. Magesa alitoka nyuma ya kibanda cha kubadilishia nguo wa mwisho, akitembea upande upande, mkono mmoja tumboni.

Sauti moja ikapiga kelele, "Kitovu!"

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Jezi ilikuwa imemfika juu ya kitovu, na akiinua mkono ilipanda mpaka mbavuni. "Mrudishie mdogo wako!" waliimba. "Machimbo wawekeeni mtoto goli dogo, kavaa nguo za chekechea!" Nyanzala wa karanga alicheka mpaka akashika mti. Mbuke naye alicheka. Alicheka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na kifuani alisikia utamu, utamu wa kweli, kama mtu aliyekuwa na kiu siku nne.

Mechi ikaanza, na jezi ikafanya kazi yake. Magesa alicheza akijivuta pindo. Mpira wa juu ulipokuja hakuruka, maana kuruka ni kuonyesha mbavu. Alijikunja, akawa kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Pasi ya kwanza aliipoteza. Ya pili pia. Kipa wa Machimbo akapiga mpira wake ule ule wa kila mwaka, ukapita vichwani mwa wote, na mshambuliaji wao akaupiga kichwa wavuni.

"Nilisema mimi," Ndaki aliwaambia watu kando ya uwanja. "Lori hilo."

Mapumziko yalipofika wachezaji walikaa chini kunywa maji. Magesa alikaa pembeni, mikono imefumbata tumbo. Mbuke alipompa kikombe, kijana alisema kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, "Samahani, shemeji. Nadhani nilisimama vibaya ulipokuwa unanipima."

Mbuke alifungua mdomo. "Kitambaa kilikuwa kidogo," alisema.

Shigela alisikia. Alisogea, akashika pindo la jezi ya Magesa kwa vidole viwili, akalitazama kulia mpaka kushoto. Kwa miaka tisa alikuwa amelala chumba kimoja na cherehani ile. Mbuke alimwona akilitazama, na utamu wote uliokuwa kifuani mwake ukageuka maji ya baridi.

"Kosa halinyooki hivi," Shigela alisema, taratibu, kama anajisemea.

Hakumtazama mke wake. Alisimama, akaikunja jezi yake mwenyewe kutoka chini, akaikunja na kuikunja mpaka kitovu kikatoka, akaichomeka hapo juu.

"Jua la leo kali," aliwaambia wenzake. "Kunjeni."

Walimtazama. Beki mmoja akakunja. Kisha kipa. Halafu wote. Wakaingia uwanjani watu kumi na mmoja matumbo wazi, wembamba, wanene, mmoja ana kitovu kama limau, na kicheko kilichowapokea kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, lakini hakikuwa na mtu wa kumkaa. "Timu ya vitovu!" watu walipiga makofi. Magesa aliwatazama wenzake, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. Akaacha kushika pindo. Akasimama wima.

Mkimwona mtu mrefu aliyejikunja, ndugu zangu, mnaweza kumhesabu mfupi. Subirini anyooke.

Kipa wa Machimbo akapiga mpira wake. Magesa aliufuata hewani, akaushusha kifuani kama mpakiaji anayepokea robota kutoka juu ya lori, akamwekea Shigela mguuni. Shigela hakuangalia hata. Alimpenyezea mshambuliaji, ikawa goli. Dakika zilikwenda, Machimbo wakaacha kupiga mipira ya juu maana ilikuwa inarudi. Na jua lilipokuwa limeinama kidogo, Shigela akapiga kona. Magesa alipanda juu ya vichwa vyote, jezi ikampanda mpaka kwapani, mgongo wote nje, na hakuna aliyetazama mgongo. Walitazama mpira ukiingia.

Mbuke alikuwa ameshika kifuniko cha sanduku kwa mikono miwili. Kilichomuuma kuliko goli ni kumwona Shigela akimrukia yule kijana shingoni na kuning'inia pale kama mtoto. Hakuwahi kumwona mumewe akifurahi hivyo juu ya goli la mtu mwingine. Akajiuliza, je, kwa miaka yote hii alikuwa amechoka kuushikilia uwanja peke yake, na mimi sikuona?

Mbili kwa moja. Mechi ikaisha, na Mzee Luhende akasimama kwenye duara la katikati na fimbo yake, watu wote wakamzunguka, Mbuke miongoni mwao.

"Kabla hamjakwenda kwenye magoli," alisema, "mwenye neno aseme."

Ndaki akajikohoza. "Mimi nasema bado ni mrefu."

Watu wakamzomea. Nyanzala akapenya mbele, kapu la karanga kichwani.

"Mimi nina neno," alisema. "Nusu ya kwanza yote nilikuwa namtazama kitovu. Nimecheka, sikatai, karanga zangu nusu zimemwagika. Lakini jezi fupi haimfupishi mrefu. Tumeona wote. Ila nauliza, fundi ni nani siku hizi?"

Vichwa viligeuka, kimoja kimoja, mpaka vyote vikawa vimemwelekea Mbuke.

"Maana fundi ninayemjua mimi," Nyanzala aliendelea, na sauti yake haikuwa ya kejeli tena, "alikuwa mkubwa kuliko jezi hii."

"Kitambaa kilikuwa kidogo," Mzee Luhende alisema kumtetea. "Aliniambia mwenyewe. Kijana atacheza na hiyo hiyo mpaka msimu ujao tukipata jora jingine."

"Haidhuru, mzee," alisema Magesa. "Nitaivaa hivi hivi. Ndiyo niliyoshonewa."

"Basi nendeni," mzee akasema.

Watu wakaanza kutembea. Walitembea wote upande mmoja, kuelekea goli la kiwanda. Hata Ndaki alikwenda, ila alitembea kinyumenyume, akizungumza, ili asionekane anaelekea wapi. Shigela alikwenda miongoni mwa watu wa kwanza, akichechemea, na safari hii hakukuficha kule kuchechemea. Alipompita mke wake alipunguza mwendo kidogo, kama anataka kusema jambo, kisha akaendelea.

Mbuke akabaki peke yake kwenye duara la katikati.

Goli la kisima lilikuwa tupu. Kwenda huko kungekuwa kujianika. Kwenda kule kwingine kulikuwa rahisi. Hatua mia moja tu, anajichanganya na watu, na jambo limekwisha. Yadi zilizobaki angezigeuza vitambaa vya meza. Nani angefungua sanduku lake? Mume wake alijua, lakini mume wake asingesema. Hilo alilijua vizuri, na hilo ndilo lililomshinda. Aliona miaka yote atakayolala pembeni ya mtu anayejua na hasemi.

"Kitambaa kipo," alisema.

Sauti haikufika. Mzee Luhende akageuka. "Unasemaje, mwanangu?"

"Kitambaa kipo!" Sasa alipiga kelele, na watu walioko golini wote wakanyamaza. "Zimebaki yadi tatu na zaidi, zipo nyumbani, chini ya sare za shule. Hakikuwa kidogo. Nilikata hivyo mwenyewe."

Alingoja wacheke. Aliomba wacheke, maana kicheko kina mwisho. Hawakucheka. Magesa alitazama chini, akaishika ile jezi kwenye pindo, kama anayeona haya kwa niaba ya mwingine.

Mbuke akaanza kutembea kuelekea goli la kiwanda. Hakuna aliyempisha. Alisimama mwisho kabisa, nyuma ya watu wote.

Jezi mpya aliishona kesho yake, ikamfika Magesa nyongani, na kijana aliivaa miaka sita. Namba nane ilikwenda kwake. Shigela alihamia namba nne, akacheza nyuma ya kijana msimu mmoja na nusu mpaka goti likakataa kabisa, na watu wakasema haukuwahi kuonekana mpira kama wa msimu ule. Nyumbani kwake hakulizungumza lile jambo kwa siku kumi na nne. Siku ya kumi na tano alinyoosha mguu, akasema, "Maji yamepata moto?" na Mbuke akajua kwamba amerudi.

Lakini Mwagulanja haikurudi upesi hivyo. Kisimani Mbuke alipanga foleni. Na barazani likaanza jambo dogo, ambalo wakati ule lilimuuma kuliko matusi. Wateja waliendelea kuja, maana fundi alikuwa yeye tu. Ila kila aliyeleta kitambaa chake alikuja na futi kamba yake mwenyewe. Walikuwa hawasemi kitu. Waliitoa mfukoni, wakajipima mbele yake, wakamtajia namba, kisha wakasimama pale pale mpaka mkasi umalize kukata. Fundi aliyekuwa akipima watu kwa macho njiani sasa alipimiwa kazi yake hata na wavunja kokoto.

Siku moja akaja Ndaki, katibu, anataka suruali. Naye akatoa futi kamba, mpya, bado ina harufu ya duka. Akaona haya kidogo.

"Usinielewe vibaya, Mama..." alianza, akasita, kwa kuwa Nane haikuwapo tena ya kumwitia.

"Pima tu, Katibu," Mbuke alimwambia. "Pima, ujiridhishe. Jezi fupi haimfupishi mrefu, humfupisha fundi."

Ndaki aliitoa habari hiyo kisimani siku ile ile, maana alikuwa mtu wa kutoa habari. Ikashika. Ulipita mwaka na nusu hivi kabla mteja wa kwanza hajaja mikono mitupu na kusema, "Nipime wewe." Mbuke alishika futi kamba, na walioona wanasema ilimchukua muda kuikunjua.

Bibi Milembe aliuvuta ungo wake, akaanza tena kuchagua maharage. Ndani ya banda mtu alikuwa amewasha televisheni, lakini vijana hawakuwa wameinuka bado.

"Kumbe ni ndefu hivyo?" Sayi aliuliza. "Mwanzo ulitupa nusu tu."

"Nusu ya kwanza ni tamu, ndiyo maana imeenea," bibi alisema. "Kila anayechekwa anaipenda. Hii ya pili haina mwenyewe. Hakuna anayependa kuisema, kwa sababu anayeisema lazima awe ameshika mkasi." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. "Basi mkibishana kuhusu huyo kiungo wenu, bishaneni. Kama hafai, semeni hafai. Lakini mkiona mtu anamkatia mwenzake jezi, msimtazame aliyeivaa. Jezi fupi haimfupishi mrefu, humfupisha fundi."